Kwanza Uliza Mume Analala Wapi

Mkija kwangu Nangara kuniuliza habari za kazi, msianze na swali la dawa gani inasafisha kizazi. Swali hilo nimelijibu tangu nikiwa na meno yote. Nimestaafu na bado nalijibu, sokoni, kanisani, hata nikiwa na ndoo ya maji kichwani. Kizazi si sufuria, hakishiki masizi. Kila mwezi kinajisafisha chenyewe bila kuombwa, na wewe mwenye kizazi unaona kwa macho yako kinavyofanya. Halafu unakwenda stendi kununua chupa ya maji ya kahawia kwa mtu mwenye kipaza sauti, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa anauza sumu ya panya.

Nimesema. Sasa nitulie.

Nawaandikia ninyi wauguzi vijana mnaopewa chumba kama kile changu, na ninyi mabinti mnaotafuta mtoto na kuona haya kuuliza. Nilifanya kazi kliniki ya mama na mtoto hapa Babati karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Niliingia kama mhudumu wa kufua mashuka na kuchemsha vyombo. Madaktari waliohama waliacha vitabu kabatini, nami nikavisoma ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa pembeni, mpaka wakubwa wangu walipochoka kuniona nikisoma wakanipeleka kozi. Niliporudi nikapewa chumba kidogo karibu na maabara, mlangoni kumeandikwa Ushauri wa Uzazi. Watu wote waliamini ni mlango wa kuzuia mimba. Wanaotafuta mimba walipita mbele yake wakiangalia ukuta wa pili, wakaenda stendi kwa yule wa kipaza sauti.

Aliyenipokea kazini alikuwa muuguzi wa zamani tuliyemwita Bibi Martina, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo uliiogopa kuliko kelele. Alinifundisha jambo moja ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote. Usimwulize mtu swali linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana, maana mtu akiwa kliniki anajibu kama yuko mbele ya mwalimu mkuu. Siku yangu ya kwanza katika chumba hicho nilimwuliza mama mmoja kama anakula vizuri, akasema ndiyo. Bibi Martina akasogeza kiti.

"Jana jioni ulikula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

Mama yule akafikiri. "Na chai," akasema.

Ndivyo ilivyo. Uliza kama anakunywa pombe, hanywi. Uliza Jumapili alikunywa nini baada ya ibada, utasikia ya shangazi, kidogo tu, ile ya kuonja. Uliza kama anajisafisha ndani kwa sabuni, atakataa kwa heshima. Uliza anajisafishaje, atakueleza chumvi kiasi gani, maji ya moto kiasi gani, na ndimu. Hapo unashika kichwa, kwa sababu sehemu ile inajitunza yenyewe, na chumvi na ndimu ni vya kachumbari.

Mambo yenyewe ya kufundisha si mengi, wala si siri. Kidonge cha foliki, vitamini ya kumkinga mtoto tumboni, unaanza kumeza kabla ya mimba, si baada ya kutapika. Udongo wa kula unaouzwa sokoni kwa mafungu uache, na ugoro uache, wa puani na wa mahali pengine ambapo baadhi yenu mnauweka na mnadhani sijui. Ukiwa na maumivu ya tumbo la chini au uchafu unaonuka, njoo upimwe pamoja na mwenzako, asitibiwe mmoja tu mkaambukizana upya. Ukonde kupita kiasi au unenepe kupita kiasi, vyote vinavuruga mzunguko. Mkishatafuta mwaka mzima bila kupata, njooni wote wawili, na kama mwanamke amepita miaka thelathini na mitano, msingoje mwaka, njooni baada ya nusu yake. Wote wawili. Maneno hayo mawili nimeyasema mpaka yameniota mdomoni.

Kwa sababu mwanamume haji. Anamtuma mke. Mke anapimwa damu, mkojo, anapigwa picha ya tumbo, anarudi nyumbani na vidonge, na mume anamwuliza, wamesema una tatizo gani? Kuna mmoja wa Bonga, mkewe alimbembeleza mwaka mzima, akakubali kuja maabara. Majibu yalitoka mazuri ajabu. Akayatembeza mtaani, mke akasemwa na ukoo mzima. Wiki iliyofuata akaja kijana kwenye chanjo amembeba mtoto wake, na yule wa maabara akamtazama akasema huyu ndiye aliyeleta kipimo. Alikuwa mdogo wa yule mume. Mume alimtuma mdogo wake mwenye watoto watatu akampimie uanaume. Nilipomwita mume na kumwuliza alikuwa na maana gani, alinijibu kwa utulivu kwamba wao ni damu moja.

Lakini nilitaka kuwasimulia habari ya Veronika, maana nikiulizwa kazi hii ilinifundisha nini, namfikiria yeye, na mama mkwe wake, na kochi.

Haikuwa zamani, ilikuwa karibu na kustaafu kwangu. Veronika alikuwa binti wa Dareda, ameolewa hapa Nangara na kijana anaitwa Faustini, mkulima wa mahindi na mbaazi. Miaka mitatu ya ndoa ya kanisani, mtoto hakuna. Alikuja mwenyewe, akafunga mlango nyuma yake, akasalimia shikamoo kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Alikuwa msafi, mtaratibu, na alifanya kila nilichomwambia. Nilimwambia aache udongo, akaacha. Nilimpa foliki, akameza. Nilimfundisha kutazama ute wake, kwamba ukiwa mwepesi na kuvutika kama ute wa yai la kuku, siku hizo ndizo, wakutane kila siku au siku moja baada ya nyingine. Akaitika. Mzunguko wake ulikuwa mfupi kidogo lakini wa kuaminika. Vipimo vyake vyote vizuri. Miezi ikapita, na kila mwezi anarudi na uso uleule.

Nilimwuliza wanakutanaje yeye na mumewe. Akatazama chini akasema vizuri, mama, kila mwezi. Mtu wa huku mlimani ukimwuliza jambo la chumbani amekuvumilia sana kukujibu hata hilo, na nikimbana zaidi alikuwa anaanza kukunja kona ya khanga.

Kisha siku moja akaja hana utaratibu wake. Baba mkubwa wa Faustini, ndiye mwenye sauti katika ukoo, alikuwa amekuja kutoka Mbulu akaweka neno. Mbaazi zikivunwa na Veronika bado hana mimba, arudishwe kwao Dareda akapumzike. Kupumzika ndilo neno walilotumia. Na kulikuwa na binti mwingine tayari ameonekana, wa kumzalia Faustini mtoto bila ndoa, kwa kuwa ndoa ya kanisa haivunjwi. Veronika alinieleza haya bila kulia, akinyoosha kona ya khanga na kuikunja tena. Mbaazi wakati ule zilikuwa zimeanza kutoa maua.

"Mumeo anasemaje?" nikamwuliza.

"Anasema tusali."

Nikamwambia aje na mumewe. Wiki iliyofuata akaja na mama mkwe.

Mama Faustini alikuwa mwanamke mpana, mwenye rozari mkononi na kibegi cheusi magotini, mwenyekiti wa jumuiya yao na mtu wa kusikilizwa. Nilijiandaa kwa vita. Lakini alianza kwa kuniambia kwamba Veronika ni mtoto wake, hataki arudishwe popote, na kwamba amekuja kunieleza kuwa vidonge vyangu havifanyi kazi. Yeye alikuwa anafanya sehemu yake. Kila mwezi wanasali novena ya kuomba mtoto, siku tisa mfululizo, nyumba nzima. Hajaruka mwezi hata mmoja tangu harusi.

Mimi ni Mlutheri. Novena nilijua ni sala ya siku tisa, basi. Nikamwambia ni vizuri. Akaendelea kulalamika, na katika kulalamika akasema amechoka, kwa sababu Faustini anakoroma kama trekta.

Nikashusha kalamu.

"Mama Faustini, umemsikia wapi akikoroma? Si wana nyumba yao?"

"Wanayo, ile ya pili uani. Wakati wa novena analala kwangu sebuleni, kwenye kochi."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu kabla ya kulala. "Mama Elibariki, mtu anamwomba Mungu jambo kubwa namna hii, halafu usiku anakwenda kwa mkewe? Lazima ajitoe. Siku tisa anajitoa."

Veronika alikuwa anatazama sakafu. Nikauliza novena inaanza lini. Mama Faustini akajibu kwamba inaanza Veronika akishakuwa safi, jioni ileile damu inapokoma, kwa sababu hawezi kusali akiwa katika hali ile. Ndivyo yeye alivyofundishwa na bibi yake.

Sikuhitaji karatasi. Mzunguko wa Veronika niliujua kama njia ya kwangu. Damu inakoma, siku tisa zinaanza, na ndani ya siku hizo tisa yai linapevuka, linangoja siku yake moja, linakufa. Siku ya kumi Faustini anachukua blanketi lake kwenye kochi anarudi kwa mkewe. Kila mwezi. Miaka mitatu. Foliki zangu, ute wangu wa yai la kuku, na kule sebuleni kochi linafanya kazi kuliko vidonge vyote vya uzazi wa mpango nilivyowahi kugawa.

Nilitoka nje nikanywa maji. Msinicheke. Kuna wakati katika kazi hii unatakiwa kunywa maji.

Niliporudi nilimweleza polepole. Mama Faustini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Hizo si ndizo mnaziita siku za hatari?"

"Ni za hatari kwa asiyetaka mjukuu."

Hakucheka. Akaniuliza kama ninasema Mungu hajui kalenda. Nikasema sina ugomvi na Mungu wala na novena, ugomvi wangu ni na kochi. Akasema ninyi Walutheri hamna novena, ndiyo maana mnaongea hivyo. Nikasema wasali siku nyingine, kuanzia damu inapoanza, siku tisa zitakuwa zimeisha mapema. Akasema haiwezekani, hayuko safi. Nikasema basi wasali, lakini Faustini alale kwake. Akasema hiyo itakuwa novena gani. Tulizunguka hapo mpaka foleni ya nje ikaanza kukohoa.

Alikwenda kumwuliza katekista wao. Katekista akamwambia wazi kwamba hakuna mahali novena inamkataza mtu mkewe. Alirudi kunieleza hayo kwa dharau, kwamba katekista mwenyewe ni kijana, hajaoa, atajuaje? Nikamwambia tafadhali amwulize padri. Akasema padri naye hajaoa.

Wakati huo mbaazi zilikuwa zinajaza maganda. Nilikuwa nikipita njia ya shambani jioni nazitazama kwa chuki, mimea ya watu isiyo na kosa.

Kisha asubuhi moja Mama Faustini akaingia bila kupanga foleni, akakaa, akaweka kibegi magotini.

"Mimi hayo mambo ya kila mwezi nimeshaachana nayo," akasema. "Mimi ni safi siku zote. Nitasali mimi. Wao wafanye kazi yao."

Nikamwambia hilo ni wazo zuri kuliko yangu yote, na nilimaanisha. Alikuwa amelitoa wapi, sijui. Ila nilipata ujasiri, nikaongeza kwamba Faustini lazima apimwe, yeye mwenyewe, si ndugu yake. Akasema nitamleta. Akamleta. Alikaa nje ya mlango wa maabara, kibegi magotini, rozari mkononi, akimngoja, jambo ambalo sidhani lilimrahisishia kijana yule kazi. Majibu hayakuwa mabaya wala ya kutembeza mtaani. Alikuwa anapulizia dawa mbaazi bila kujifunika, kifua wazi, na jioni anashusha kwa gongo. Nikamweleza avae vizuri akipulizia, aoge akitoka shambani, aache gongo, na kwamba mbegu za mwanamume zinachukua karibu miezi mitatu kutengenezwa, kwa hiyo asitegemee faida wiki ijayo. Aliniuliza swali moja tu. Kama sasa anaruhusiwa kulala nyumbani kwake. Nikamwambia ni amri.

Mbaazi zikavunwa. Veronika hakuwa na mimba.

Baba mkubwa akaja na wazee wawili, wakaketi sebuleni kwa Mama Faustini, wakanywa chai, wakaanza habari ya Veronika kwenda kupumzika. Mimi sikuwepo, Veronika ndiye aliyenisimulia, naye alikuwa mlangoni na birika mkononi. Mama mkwe ndiye aliyesimama. Akawaambia wazee, mbele ya mwanawe, kwamba kijana wao hakuwa akilala na mkewe siku za kupata mtoto, kwa sababu mama yake alimlaza kwenye kochi hilo walilokalia. Baba mkubwa akatazama alipokalia. Mama mkwe akaendelea kuwaambia kosa si la Veronika, wala vipimo vyake havina neno, na vya Faustini viko kliniki kama wanataka kusomewa.

"Kama kuna kitu cha kurudisha Dareda," akasema, "rudisheni kochi."

Veronika aliniambia birika lilimtoka mkononi. Wazee hawakumaliza chai. Baba mkubwa akasema wangoje mavuno mengine, akasimama mlangoni muda mrefu kidogo akipangusa suruali nyuma, kisha akaondoka.

Mjue kwamba mwanamke yule angeweza kukaa kimya. Hakuna aliyejua habari za kochi ila wao na mimi, na mimi nina kiapo. Mwenyekiti wa jumuiya, mbele ya shemeji zake, akajitangaza kwamba sala yake aliipanga vibaya. Nimewahi kuona madaktari wakubwa wakishindwa kusema sentensi kama hiyo.

Mimba ilikuja msimu wa mvua. Veronika alikuja na mkojo wake kwenye kichupa cha jemu kilichooshwa vizuri, akakaa, nikapima, nikamwonyesha mistari miwili. Kisha akaomba nimwonyeshe tena. Alizaa mtoto wa kike, kilo tatu na kitu, mwenye sauti. Kwenye sherehe ya ubatizo Mama Faustini alishukuru Mungu, Bikira Maria, watakatifu kadhaa, jumuiya, na waliopika pilau. Mimi nilikaa benchi la nyuma na soda yangu. Foliki haikutajwa. Faustini naye alisimama akasema ni kwa sala za mama. Niliinama nikala pilau.

Sasa mnaona kwa nini nakasirika nikisikia mnamwuliza mama, mnakutana? na akiitika mnaandika ndiyo, mnampa vidonge, mnamwita mwingine. Mtu anaweza kuwa anafanya yote sawa na bado kuna kochi mahali. Mwingine kochi lake ni shamba la mbali ambako mume anakaa tangu kupanda hadi kuvuna. Mwingine ni zamu za usiku. Mwingine ana ugonjwa kweli, wake au wa mume, na kuna wengine tumewapima kila kitu, wakafanya kila kitu, na mtoto hakuja, na hao msiwadanganye kwamba ni chumvi au ni udongo. Waambieni ukweli na mkae nao kidogo kabla ya kuita foleni.

Lakini msidhani hadithi iliishia kwenye pilau. Baada ya ubatizo ule, mama wakwe wa Nangara walianza kwenda kwa Mama Faustini. Novena yake ilikuwa na jina sasa. Nilihuzunika, nikafikiri hapo ndipo foliki zangu zitakapokufa. Kisha wiki zangu za mwisho kazini nikafungua mlango asubuhi, na kwenye benchi la nje wamekaa wanaume. Si mmoja. Wamekaa na wake zao, kofia mikononi, wakitazama ukuta wa pili. Nilimwuliza wa kwanza nani amemtuma. Akasema, yule mama wa jumuiya amekataa kuanza kusali mpaka nije kupimwa.

Juzi nilikutana na Mama Faustini sokoni akichagua vitunguu. Akanisimulia bila kuulizwa kuhusu mkwe wa jirani yake, binti mzuri, analia kila siku, mume dereva wa lori, anapita hapa njia ya Dodoma mara moja kwa mwezi na haulizi hata tarehe. Nikamwuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia kwanza mumeo alale nyumbani," akasema, akikitupa pembeni kimoja kilichooza. "Siwezi kumsumbua Mungu kwa kazi ambayo bado haijaanza."